Shangazi Hajawahi Kuvutwa

Mimi sikuwa mmoja wao. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi nikipita stendi ya Ifakara watu hunihesabu pamoja na wale wazee wawili wa benchi, wale ambao basi chakavu likipita husimama na kuvua kofia. Mimi ni fundi wa viti vya magari. Banda langu liko Viwanja Sitini, kando ya barabara ya kwenda Idete, na kwa miaka mingi kazi yangu juu ya wazee hao ilikuwa kuwacheka.

Mmoja ni mstaafu wa mashamba ya miwa. Alikuja bondeni akiwa kijana, kutoka mkoa wa mbali, akawa fundi mitambo mpaka nywele zikageuka rangi, kisha akajenga Sanje chini ya mlima. Mara mbili kwa wiki hupanda gari kuja Ifakara, na ukimuuliza amefuata nini atakwambia bila haya kwamba amekuja kusikiliza injini. Mwenzake ni mfugaji wa Kisukuma, mmoja wa wale waliohamia bonde hili na mifugo yao. Ng'ombe amewaachia watoto. Yeye hasikilizi, hutazama. Basi likisimama, huanzia miguuni, anapanda kifuani, anamalizia usoni, vilevile anavyotazama dume mnadani. Wakishatofautiana, mmoja kwa masikio na mwingine kwa macho, hubishana mpaka chai inapoa.

"Mwangaluka, mayo," mfugaji alikuwa akiniamkia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje mama, kila akipita bandani kwangu. "Umemsikia Shangazi leo? Kifua kimefunguka kabisa."

"Nimemsikia anakohoa," namjibu. "Mpelekeni hospitali, msije mkanililia hapa."

Shangazi lilikuwa jina la basi. Watu wa Idete ndio waliompa, kwa sababu hakuwahi kufika mikono mitupu, alisema kwa sauti ya juu, na hakuna aliyeweza kumharakisha. Chesi yake ilikuwa ya lori. Bodi iliundwa na wachomeleaji kwa mikono, bati juu ya bati, na alisimama juu sana hata akina mama walipandishwa kwa kushikwa mkono. Injini ilikuwa ndani, ubavuni mwa dereva, imefunikwa kwa kifuniko cha chuma ambacho wakati wa baridi walikikalia wanawake wenye watoto wachanga. Nyuma, chini ya ngazi ya kupandia kwenye keria, fundi wa rangi aliandika zamani sana: TOPE HALINA MWENYEWE. Herufi zilikuwa zimefifia, lakini sisi tulizisoma hata zisipoonekana.

Nasema sikuwa mmoja wao, na bado naweza kukwambia kila ufa wa basi lile. Mimi ni binti wa Idete. Mara ya kwanza kuondoka nyumbani niliondoka ndani yake, nikiwa na magoti yaliyopauka na kisanduku cha bati. Viti vyake enzi hizo vilijazwa usufi, na kiti cha mbele yangu kilikuwa kimefumuka mshono. Njia nzima nilichokoa usufi kwa kidole, nikaujaza mfukoni. Kondakta aliponiona alinikaripia mbele ya watu wote: "Chokoa, chokoa tu! Utakuja kukishona mwenyewe!" Nilikuja kukishona mwenyewe. Kiti cha kwanza nilichoshona maishani, kama mwanafunzi wa ufundi, kilikuwa kile kile.

Sasa nieleze jambo ambalo wazee wale walikuwa wakilisimulia kwa sauti ya chini, kama watu walio msikitini au kanisani. Shangazi hakuwahi kuvutwa.

Msomaji asiyejua barabara zetu za masika hataona ajabu yoyote hapo. Kwetu kila chenye magurudumu kimewahi kuvutwa. Malori yamevutwa, magari ya serikali yamevutwa, gari la maharusi limevutwa bibi harusi akiwa ndani na shela lake. Nimeona trekta lililokuja kuvuta likavutwa na trekta jingine. Lakini mwaka baada ya mwaka, Ifakara na Idete, Idete na Ifakara, hakuna cheni wala kamba iliyowahi kufungwa mbele ya Shangazi. Mstaafu alisema katika maisha yake yote ya mitambo hajakutana na chombo kingine cha namna hiyo. Akilisema hilo, macho yake yalilowa, nami nilikuwa nageuka pembeni nicheke.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni dereva. Ni mtu mwembamba, mwenye maneno machache, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua liwe kali vipi. Akifika kwenye dimbwi asiloliamini, husimamisha gari, hushuka, huvua viatu na soksi, huvipanga kando ya barabara, halafu hulitembea tope kwa miguu mitupu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hupapasa kwa nyayo. Akirudi hufuta miguu kwa kitambaa, huvaa soksi na viatu, hufunga kamba, ndipo hupanda. Abiria wa mara ya kwanza walisonya. Wenyeji walingoja kimya, kwa maana walijua anasoma.

Sababu ya pili ni miganda. Kuanzia mvua za kwanza mpaka zinapokatika, hakuna abiria aliyepanda Shangazi bila mganda wa mabua ya mpunga. Mganda mmoja kwa kila kichwa, uwe mwalimu, uwe mganga, uwe na mtoto mgongoni. Kondakta alisimama mlangoni akiimba, "Mganda kwanza, mguu baadaye!" Mabua yalisukumwa chini ya viti. Mahali pabaya palipofikiwa, watu walishuka, kila mmoja akautupa mganda wake pale dereva alipoonyesha kwa kidole, na Shangazi akapita juu ya mabua. Nani alianzisha desturi hiyo sijui. Nilipozaliwa niliikuta.

Kisha lami ikafika Ifakara, na juu ya lami yakaja mabasi mapya, marefu, yenye vioo vyeusi na televisheni, ambayo matumbo yake yakigusa tuta utasikia abiria wote wanasema "aah." Vijana waliyapenda, nami siwalaumu. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini vipuri vya Shangazi vilizidi kuwa adimu. Mwenye basi ni mama mjane aliyelirithi kwa mumewe, mwanamke wa biashara asiyependa maneno mengi. Mwaka jana, masika yakielekea mwisho, alimwita dereva pamoja na wale wazee wawili, nami nikaitwa kwa kuwa nilikuwa nashona viti vya basi hilo. Akasema leseni ya barabarani inaisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi na hatakata nyingine. Amekwisha kuelewana na wanunuzi wa chuma chakavu. Watakuja na lori kutoka kwenye kiwanja chao, wamfunge cheni, wamvute.

Dereva alikuwa amekaa na kofia magotini.

"Mama," alisema, "naomba kitu kimoja. Asivutwe. Jumamosi hiyo nimpeleke Idete mara ya mwisho, watu wamuage. Tukirudi, nitampeleka mwenyewe mpaka ndani ya kiwanja chao. Aingie kwa miguu yake."

"Na akikwama huko?"

"Hajawahi."

"Haya," mama akasema. "Lakini akikwama, nafunga cheni. Sitaacha mali ya watu porini kwa ajili ya sifa."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa hali. Dereva alikuwa anaomba siku moja tu, na katika siku hiyo neno lake la maisha yote lingesimama au lingeanguka.

Wazee walishika kazi kama watu wanaoandaa harusi. Mstaafu alitoka Sanje kuja Ifakara kila siku, akalala chini ya basi kwenye mkeka, akakaza kila kilichokazika. Mfugaji alileta samli, akapaka vishikizo vya milango mpaka vikang'aa, ingawa nilimwambia samli ni ya wali. Mimi nilijiambia nitawashonea vitambaa viwili vitatu vya kuzugia. Nikafungua kiti cha kwanza, nikakuta chini kabisa, chini ya sponji za miaka ya karibuni, mabonge ya usufi wa zamani uliogeuka kahawia. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya basi.

Nikashona viti vyote. Niliagiza reksini nyekundu ya damu ya mzee, mkanda mweupe pembeni, sponji nzito, na nikabadilisha mbao za chini nikaweka mpya zilizorandwa pande zote, pande ambazo hakuna makalio yatakayoziona. Banda langu lilifungwa kwa wateja wengine. Usiku wa Ijumaa mvua ilinyesha nami nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi nzuri.

Jumamosi asubuhi Shangazi alisimama stendi, ameoshwa, herufi za nyuma zimepakwa rangi upya, na watu wamemzunguka kimya. Madereva wa yale mabasi marefu walishuka nao wakaja kutazama. Nilipanda kuhakiki mishono yangu. Ndipo nilipoona abiria wa kwanza wakija, na kila mmoja ana mganda wa mabua, mbichi, unachuruzika maji na tope.

Hapa ndipo ubaya wangu ulipo, na sitaupamba. Nilisimama mlangoni nikanyoosha mikono.

"Hakuna! Leo hakuna mganda humu ndani! Mtachafua viti."

"Fundi, ni masika," mtu mmoja akasema.

"Masika yamekwisha. Wekeni huko chini."

Bibi mmoja wa Idete, mama mtu mzima sana, mwembamba kama mundu, hakuuweka. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, na mkono wangu huku unauchukua mganda wake.

"Mwanangu," alisema, "njia ile unaijua."

"Naijua, bibi. Lakini leo ni harusi, siyo zizi."

Nikautupa chini pamoja na mingine. Mstaafu, aliyekuwa amepiga deki sakafu kwa magoti yake mwenyewe, aliitikia kwa kichwa kuniunga mkono. Mfugaji alikuwa anatazama vishikizo vyake. Dereva alikuja karibu, akasema polepole, "Fundi, juzi nilitembea kule. Kabla ya Idete pamelainika."

"Juzi ulikuwa na mizigo. Leo tuko wepesi."

Angeweza kukataa, basi lilikuwa lake kuliendesha. Lakini nilikuwa nimeshona viti bure, na yeye ni mtu wa heshima. Akapanda. Sisi tuliompenda Shangazi kuliko watu wote ndio tuliomnyang'anya kitu kilichomweka hai, eti asichafuke.

Nilikaa juu ya kifuniko cha injini. Mama mwenye basi alikaa kiti cha mbele, kanga mabegani. Dereva akawasha.

Nimesikia sauti ile maisha yangu yote kupitia ukuta wa banda, lakini siku hiyo niliisikia kwa mifupa. Ilianza chini sana, ikapanda miguuni, ikanijaa kifuani, na meno yangu yakagongana. Vioo vyote viliitikia kwa pamoja. "Sikiliza," mstaafu alinong'ona nyuma yangu, "sasa ataingiza ya kwanza. Usipumue." Kweli sikupumua. Gia iliingia, uzito wote ule wa chuma ukasogea bila kushtua mtu, na Ifakara ikaanza kurudi nyuma. Nilitaka kusema neno la mzaha nikalikosa. Mwanadamu aliunganisha mabati na lori kuukuu, na kitu hicho kikabeba bonde zima mgongoni: wagonjwa, magunia, wanafunzi, majeneza, kuku. Nilijisikia mdogo, na nilifurahi kuwa mdogo.

Milima ya Udzungwa ilikuwa kulia, mawingu yamekaa kwenye vilele. Mpunga ulikuwa umeiva pande zote. Watu waliokuwa wakivuna waliposikia mngurumo walisimama wima na miundu mikononi, wakaja mpaka ukingo wa barabara, wanaume wakavua kofia. Na tulipofika mashamba makubwa, dereva alifanya jambo alilokuwa akilifanya siku zote: alivuta kamba ya honi ya upepo, mara moja ndefu, mara moja fupi. Kwelea waliruka kutoka kwenye mpunga, maelfu, wakaifunika anga ya upande mmoja, wakageuka wote kwa pamoja kama shuka inayokung'utwa.

Mimi niliwaamia ndege wale utotoni, kuanzia alfajiri hadi jioni, kwa kombeo na kelele mpaka sauti inakauka. Honi ya Shangazi ilikuwa mapumziko yetu. Ikilia, ndege wote wanaondoka, nasi tunakaa chini, tunakula kiporo. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nililia pale juu ya injini, na mfugaji akanitazama akasema tu, "Ee, mayo," bila kunicheka, ingawa nilistahili kuchekwa.

Karibu na Idete barabara inashuka kidogo kukutana na maji yatokayo mlimani. Dereva alisimamisha gari. Alishuka, akavua viatu, akavua soksi, akavipanga. Alipotembea, tope lilimfika katikati ya muundi. Alikwenda mpaka mwisho akarudi. Alichungulia ndani ya basi, chini ya viti, mahali pa miganda, pakiwa patupu na pasafi. Hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Alifuta miguu, akavaa, akapanda, akajaribu. Shangazi aliingia vizuri, akafika katikati, halafu gurudumu la nyuma la kushoto likazama. Tukainama. Dereva aliachia klachi taratibu, akarudi nyuma kidogo, akaenda mbele kidogo, na kila mara tulizama zaidi. Akazima kabla hajalichimbia kaburi. Tulishuka tukasukuma, wazee kwa vijana, mama mwenye basi naye akafunga kanga kiunoni akasukuma. Tope lilitunyonya miguu, basi halikutikisika.

Trekta lilikuwa linatoka mashambani. Mwenye kuliendesha alisimama juu, akatuona, akawa kama haamini macho yake. Alishuka na cheni begani, anacheka kwa furaha ya kweli.

"Wazee! Shangazi leo amepatikana!"

Mfugaji alisema angepiga simu aletewe maksai. Dereva alitikisa kichwa. "Ng'ombe nao ni kamba," akasema. Alikuwa amesimama mbele ya basi, mikono imening'inia, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kuitwa jina mahakamani. Mama mwenye basi aliyatazama mawingu ya mlimani.

"Mvua ile ikifika hata trekta haliwezi," alisema. Hakusema kwa ukali. "Tulikubaliana. Nawapa mpaka trekta ligeuze, kisha nafunga cheni."

Trekta likaanza kugeuza.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku hiyo guu lilikuwa linavunjika la mtu mwingine, mimi niliyekosa nimesimama na miguu yangu mizima. Hasira ilinipanda, na mara hii niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Nilipanda ndani. Bibi yule wa Idete ndiye peke yake aliyebaki amekaa, miguu ya kusukuma hana.

"Shikamoo tena, bibi," nikasema. "Naomba uinuke."

"Nilidhani leo ni harusi," alisema.

"Ilikuwa, bibi."

Aliinuka. Nilikishika kiti chake kwa chini, mahali ninapopajua mimi, nikafyatua ndoana, nikakitoa. Chekundu, mkanda mweupe, hakijakaliwa na watu wawili. Nilikipitisha dirishani. Kikatua kwenye tope kwa sauti ya kofi. Nje watu walipiga yowe. Nikang'oa cha pili, na cha tatu, na bibi akaanza kunipokelea. Mstaafu alifika mlangoni. "Fundi! Kazi yako!" akapiga kelele, kisha akaelewa, akaanza kung'oa upande wa pili.

Dereva alikuja mbio. Alivua viatu, hakuvipanga. Aliingia topeni mpaka magotini akavipokea viti vyangu kimoja kimoja.

"Mbao juu!" alisema. "Reksini inateleza. Mbao juu, sponji chini!"

Akavisukuma chini ya gurudumu, akavipanga mbele yake kama mtu anayejenga sakafu, na mfugaji akavikanyaga viketi. Zile mbao nilizoziranda pande zisizoonekana, sasa ndizo zilizoonekana. Mwenye trekta alikuwa amefika na cheni yake. Aliitazama kazi ile, akaishusha begani.

Dereva akapanda na miguu yake ya tope. Akawasha. Sauti ilianza chini, ikapanda, na safari hii tulikuwa nje, tukamwona Shangazi anavyotetemeka mwili mzima. Gurudumu lilizunguka, likatafuta, likakamata mbao. Mbao zikalia. Basi lile zito, lililozeeka, lililokwisha kuuzwa, likainuka. Lilipanda polepole sana, inchi baada ya inchi, likinyooka, maji ya tope yakimiminika ubavuni, na kile kilichopita moyoni mwangu kilikuwa hofu ya aina ile unayoisikia radi ikipiga karibu nawe ukakuta u mzima. Hakuna aliyepiga makofi. Likafika pakavu, likasimama. Ndipo mwenye trekta alipovua kofia.

Idete walikuwa wanatungoja, kijiji kizima, na kwa kuwa walijua ni masika na ni Shangazi, kila mtu alikuwa ameshika mganda. Walishangaa kumkuta hana viti. Hatukuwa na muda wa maelezo marefu, mvua ilikuwa inatufuata. Tulipakia miganda yote ndani, hadi madirishani, tukaikalia. Nilirudi Ifakara nikiwa nimekaa juu ya mabua mabichi, yananichoma, nguo zimelowa, na bibi yule, aliyekataa kubaki Idete, alicheka njia nzima mpaka stendi kila nilipojikuna. Pale pabaya tuliongeza miganda juu ya viti vyangu. Shangazi alipita kama mtu anayevuka kizingiti cha kwake.

Jioni jua likiwa bado lipo, dereva alimwingiza katika kiwanja cha chuma chakavu kwa gia ya kwanza. Vijana wa kukata vyuma waliinuka wakaweka mashine zao chini. Akamwegesha sawasawa, akavuta breki ya mkono, akazima. Kimya kilichofuata siwezi kukieleza. Mfugaji aliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akakiacha hapo mpaka chuma kikaanza kupoa. Kijana mmoja alimuuliza dereva kama anataka kichwa cha gia, awe nacho cha kumbukumbu. "Hapana," alisema. "Aende mzima."

Mama mwenye basi alitaka kunilipia viti. Nilimkatalia kwa maneno makali kuliko yaliyohitajika, na aliyachukua vizuri.

Nilimwomba dereva radhi siku ile ile, mara mbili. Alisema, "Yamekwisha, fundi." Lakini mtu wa maneno machache huwezi kujua yamekwisha kweli au amechoka.

Miezi ilipita. Kiangazi kilikuja na vumbi lake. Siku moja dereva alikuja bandani, akasalimia, akaniambia anakwenda Idete msibani, kama nami naenda. Tukapanda kinoa, kigari kidogo cha abiria, tumebanwa, yeye kando ya dirisha kama abiria yeyote, kofia magotini. Karibu na Idete, barabara ilipoanza kushuka, kondakta, kijana ambaye sidhani aliwahi kumpanda Shangazi, aligonga bati akaita:

"Kwenye Viti! Kwenye Viti yupo?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Mwanamke mmoja mbele yetu alijibu bila kuinua kichwa, kama anavyotaja kituo chochote, "Yupo, shusha."

Dereva aligeuka akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni tangu ile Jumamosi.

"Na sisi," alisema kwa sauti. "Shusha."

Tulisimama pale gari likienda zake. Kwenye udongo uliokauka, kona moja ya mbao ilichungulia, na kipande cha mkanda wangu mweupe, sasa rangi ya ardhi. Matairi ya watu wengi yalikuwa yamepita juu yake. Dereva aliinama, akafungua kamba, akavua viatu na soksi, akavipanga kando ya barabara. Akapatembea kwa miguu mitupu, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akarudi. Nilingoja kimya. Alifuta nyayo kwa kitambaa, akavaa.

"Pamekaza, fundi," alisema.